Sahani Zilizofunikwa

Kwetu Birmingham hakuna anayekula utumbo wa nguruwe kabla hajauliza nani aliuosha. Kwa miaka thelathini na minne jibu lilikuwa moja: Odessa Pettway, mama yangu. Jibu hilo ndilo lililojenga mkahawa wetu, tangu siku alizouza chakula kupitia dirisha la jikoni kwake.

Macho yalipoanza kufifia hakumwambia mtu. Nilijua siku alipomwaga chumvi kando ya sufuria. Tangu hapo, kila alipokwenda kwenye maombi ya mchana, nilivuta karai nikauosha upya utumbo wake, kipande kwa kipande, nikaurudisha kama alivyouacha. Miezi saba. Nilichoka, na hasira zilinijaa.

Siku moja kabla ya mazishi ya Shemasi Mabry wa kanisa letu, ambayo sisi ndio tuliokuwa tukipikia, nilimwomba tena amwachie mtu mwingine kazi ya kuosha utumbo.

"Nani? Wewe, Vernice?" Akacheka. "Hata sukuma wiki ukiosha wewe tunatafuna mchanga. Kaa hukohuko kaunta."

"Mama, macho yako..."

"Macho haya ndiyo yaliyokulea. Toka jikoni kwangu!"

Nikatoka. Siku hiyo karai sikuligusa. Nilijiambia, mwache aumbuke. Mungu anisamehe, nilitaka hasa iwe hivyo.

Baada ya maziko watu waliketi kula kwenye ukumbi wa kanisa. Dada Broadnax, rafiki wa Mama tangu usichana, alitafuna mara moja, akasita, akatema kwenye karatasi ya kupangusia mikono. Akachukua nyingine akafunika sahani. Mbele ya wafiwa husemi kwamba utumbo una uchafu. Jirani yake akaona, naye akafunika yake. Karatasi nyeupe zikaenea meza hadi meza. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Mama alisimama mlangoni na aproni yake mpya, akitabasamu.

"Mbona kimya? Wanakula?"

"Wanakula, Mama."

"Eeh! Chakula kikinoga, hata Broadnax hufunga domo."

Desturi yake ilikuwa kukwangua sahani mwenyewe, kwa sababu watu husifu kwa mdomo lakini sahani haidanganyi. Nilijaribu kumzuia, akanisukuma. Akashika ya kwanza, akapapasa karatasi, akaifunua. Akasugua kipande kati ya vidole. Akashika ya pili, na ya tatu.

"Ulikuwa unauosha upya nyuma yangu?"

"Kila siku, Mama."

"Na jana?"

Nikaanza kukusanya sahani zilizobaki. Akavua aproni taratibu, akanyoosha mkono kunipa. Aliunyoosha kuelekea ukutani, mahali ambapo sikuwapo.

"Haya, chukua. Si ndicho ulichotaka?"

Nilizunguka nikaipokea, nikilia.

Jumatatu tulifungua kama kawaida. Dada Broadnax alikuja mchana, akakaa meza yake ya siku zote, akaniuliza utumbo wa leo umeoshwa na nani.

"Mimi," nikasema.

Alinitazama kwa upole, akaagiza kuku.