Kitambaa cha Macho ya Jiwe

Haya alinisimulia mama yangu mzazi, siku nilipomwambia nina mimba ya kwanza. Nilikuwa namenya viazi. Akasema weka kisu chini, mwanangu, ukae vizuri.

Yeye alikuwa na mimba yangu, miezi minane, akifanya usafi kwenye hekalu jipya la Wahindu wenye maduka ya nguo. Watu hao walihamia wakiwa wachache, wakasali ghalani miaka ishirini, nyuma ya majora ya vitambaa, mpaka wakaweza kujenga. Sanamu ya mungu wao ikasimamishwa chumba cha ndani, imefungwa kitambaa machoni.

Mama alikiona kitambaa kimejaa vumbi la saruji. Akakifungua, akakifua, akakianika dirishani. Kilipokauka akakirudisha. Muda wote huo alikuwa akipiga deki, macho ya jiwe yanamtazama.

Mchana mke wa mmoja wa wenye maduka akaja kukagua.

"Hiki kitambaa mbona cheupe hivi?"

"Sijui, bibi."

"Asikiguse mtu. Kitafunguliwa mbele ya kioo. Mtazamo wa kwanza una nguvu, lazima uangukie kioo, si mtu." Akaliangalia tumbo la mama. "Hasa wewe."

Mama akachukua ndoo yake akatoka. Siku tatu, usiku na mchana, hakupata usingizi. Nikitulia tumboni ananigonga kwa kidole: upo, mwanangu? Nikipiga teke, anapumua.

Siku ya nne sikucheza tangu alfajiri. Adhuhuri akamwendea mchonga sanamu, mzee aliyekuwa uani akinoa tindo zake, akamwambia yote.

"Mimi amenikodolea macho miezi mitano," mzee akasema, "na nina watoto saba, wote wasumbufu."

Mama hakucheka.

"Sikiliza, binti yangu. Mungu wao hajaitwa bado aingie humo. Kuhani atamwita keshokutwa, kwa maombi. Leo ni jiwe tu."

"Sasa mtoto mbona hachezi, baba?"

Mzee akaitazama tindo yake. Akamletea maji baridi, akamtandikia magunia matupu ya saruji barazani. "Kunywa. Lalia ubavu."

Mke wa mwenye duka akawakuta hapo. Akaketi sakafuni na nguo zake nzuri.

"Nilijua umekifua," akasema. "Kilinukia sabuni."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa. Nimetoka kumuuliza kuhani sasa hivi. Naye kasema ni jiwe."

Akaweka kiganja juu ya tumbo la mama. Wakangoja. Kivuli cha ukuta kikahama kutoka miguuni mwao hadi magotini.

Ndipo nikapiga. Yule bibi akaondoa mkono kama kaunguzwa.

"Huyo! Kanipiga mimi!"

Nikapiga mara mbili nyingine, nikatulia. Mama anasema nililala. Yeye akalia kidogo, akajifuta kwa upande wa kanga, na kabla machozi hayajakauka akawa amelala palepale juu ya magunia.