Pai za Jumanne

Kila Jumanne bunge la jimbo linapokuwa na kikao, Bi Maxine Strickland huegesha gari lake nyuma ya jengo, mahali pasiporuhusiwa, na askari wa mlangoni humpokea pai. Ni pai za pichi, zimefunikwa kwa taulo safi za jikoni. Bi Maxine anaongoza Umoja wa Sheria Kwanza, kikundi cha wajane, wachungaji wastaafu na wauza matrekta wanaotaka jimbo liwakamate lenyewe wahamiaji wasio na vibali, lisikae kungoja serikali kuu. Kwa miaka mingi wabunge walimsikiliza kwa adabu, wakamsahau kabla hajafika kwenye lifti. Ndipo alipoanza kuleta pai, na mambo yakaanza kwenda.

Mwaka ule muswada wake ulifika kwenye kamati iliyoongozwa na Mheshimiwa Harlan Pruitt, mfugaji mkubwa wa kuku. Ulisema kila dereva atakayesimamishwa barabarani aulizwe vibali, na asiye navyo asirudi nyumbani. Siku ya kwanza ya kuujadili, Pruitt alikata kipande chake, akala kidogo, akaweka uma chini na kuanza kusugua goti la kushoto.

"Goti linaniuma," akasema. "Nilianguka kwenye ngazi nikichuma pichi. Nilikuwa na mimba."

"Pole," akasema Mheshimiwa Dewey Tarpley, mwenye duka la dawa, huku akitafuna. "Mtoto alipona lakini. Anaitwa Yadira. Nimemwona sasa hivi anajifunza kutembea, kashika ndoo."

Mheshimiwa Coleen Hatcher alimaliza kipande chake chote. Alikuwa ametoka kumzika mama yake kwa simu. Kaka yake kule Guatemala aliishika simu juu ya kaburi ili asikie udongo ukianguka. Coleen alijifuta midomo na kuuliza kama kuna kahawa.

Hivyo ndivyo kamati ilivyomjua Ofelia Xicay, aliyezimenya pichi zile. Kila majira ya joto Ofelia alikaa jikoni kwa Bi Maxine, beseni katikati yao, akimenya huku mwenzake akizifunga kwenye chupa. Aliyekula pai alipata sehemu ya maisha ya Ofelia, kwa kadiri ya ukubwa wa kipande chake. Hakuna aliyeshangaa. Wabunge walikuwa wameshakula mambo mazito zaidi kwenye karamu za wafadhili wao, na hawakuvimbiwa.

Asiyejua ni Bi Maxine peke yake, kwa sababu daktari alimkataza sukari. Naye aliamini kwamba anamjua Ofelia vya kutosha.

"Bi Maxine," Ofelia alimwuliza siku moja, kisu kikiwa bado ndani ya pichi, "hii sheria unayoipigania, si itanikamata na mimi?"

"Wewe? Acha utani, mwanangu. Wewe ni mtu wa nyumbani. Sherifu mwenyewe tunasali naye kanisa moja."

"Na wenzangu ninaofanya nao kazi kiwanda cha kuku?"

"Hao siwajui."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo mtu anapotamani kumtupia beseni.

Jumanne zikafuatana. Wanakamati walianza kufika mapema na kugombea vipande.

"Wiki iliyopita umekula harusi, leo tena unataka kipande cha katikati?" Tarpley alimfokea Coleen. "Una roho gani wewe? Mimi nimekwama mtoni, maji kifuani, sijui hata kama nilivuka!"

"Ulivuka, baba. Usingevuka, pichi angemenya nani?"

Wakacheka mpaka karani akawaomba wapunguze sauti. Pruitt alianza kuchechemea. Nyumbani aliota anamsuka nywele binti mdogo na kumwita Kiroboto, jina ambalo Ofelia alimpa Yadira kwa kuwa hakuwa akitulia. Aliamka vidole vikiwa bado vinasuka.

Siku ya kura alishindwa kuisoma hoja kwa machozi. "Mama huyu nampenda," akasema. "Mtoto wake nimemzaa mimi, uchungu naujua. Lakini sheria ni sheria."

"Ndiyo maana lazima iwe moja kwa wote," akasema Coleen, naye analia. Mikono yote ikanyooka. Muswada ukapita na gavana akautia saini, kalamu akampa Bi Maxine aende nayo.

Mwezi Juni Ofelia alikuwa njiani kwenda kumenya, na taa moja ya nyuma ya gari lake ilikuwa imekufa. Askari aliyemsimamisha alikuwa Cody Lassiter, aliyekula pai ya Bi Maxine kwenye chakula cha jioni cha masherifu.

"Habari za asubuhi, Bi Ofelia. Goti vipi?"

"Linauma kukiwa na unyevu."

"Najua." Alimfunga pingu kwa mbele, kwa sababu alijua na habari za bega lake bovu, kisha akasogeza kiti cha mbele ili mguu upate kunyooka. "Yadira bado anafanya kazi kliniki ya mifugo?"

"Anatoka saa kumi jioni."

"Usihangaike, nitampigia. Namba yake ninayo kichwani."

Alikuwa mpole, mpole wa kutapisha. Njia nzima alimpigia redio nyimbo anazozipenda, na hakuwa na haja ya kumwuliza ni zipi.

Bi Maxine alipopata habari alimpigia sherifu. "Huyo si wa kukamatwa!"

"Bi Maxine, sheria ni yako," akajibu sherifu. "Hata mimi nimelia. Nilikuwa kwenye harusi yake."

Pichi za mwaka ule zilioza ndani ya beseni. Jumapili Bi Maxine aliongoza maombi kwa ajili ya Ofelia, akasema inauma lakini msimamo ni msimamo, na watu wakaitikia amina. Januari akateremsha chupa za mwisho kutoka kabatini, kwa maana sasa kulikuwa na muswada wa pili, wa kuwashitaki wanaowapangisha nyumba watu wasio na vibali. Pichi zilitosha pai moja tu.

Jumanne hiyo Yadira alikuja kutoa maoni. Kila mwananchi hupewa dakika tatu, na yeye alizaliwa hapa. Mama yake alikuwa amehamishwa kutoka kizuizini tangu Novemba, haijulikani wapi, na kila ofisi ambayo Yadira aliipigia ilimwambia ajaribu nyingine.

"Karibu, Kiroboto," Pruitt akasema bila kufikiri.

Yadira alimtazama, kisha akaitazama pai. Pichi zile zilifungwa kwenye chupa kabla Ofelia hajakamatwa, ila ziliendelea kupokea habari.

"Kuna baridi humu," Coleen alikuwa akisema, amejikunyata ndani ya sweta. "Nimelala sakafuni na taa hawazimi."

"Sina hotuba," akasema Yadira. "Naomba kipande kimoja tu, hata kidogo. Nataka kujua mama yuko wapi."

Pruitt alimtazama karani, karani akatikisa kichwa.

"Pai ni ya wanakamati, binti yangu. Tukikupa wewe, tutampa kila mtu," akasema Pruitt.

"Basi niambieni nyie. Mmekula. Yuko wapi?"

Tarpley alikuwa ndiyo kwanza amemeza. Alikuwa ameona dirisha, na nje ya dirisha kibao chenye jina la mji, kinasomeka vizuri kabisa. Alinyanyua glasi ya maji akanywa taratibu.

"Kamati haijibu maswali ya mashahidi," akasema Pruitt. Taa nyekundu ikawaka, dakika tatu zimekwisha. Yadira alibaki amesimama mpaka askari wa mlangoni alipomgusa kiwiko, ndipo akaanza kutoka.

Kipande cha mwisho alikula Pruitt. Kilikuwa cha Ofelia akimwita binti yake, na mwenyekiti akaita, mdomo umejaa: "Kiroboto! Kiroboto wangu!"

Yadira akageuka mlangoni.

Pruitt akameza, akajifuta midomo, akamwita shahidi anayefuata.