Chai Si Chakula

Hakuwa na gari, wala nyumba ya kujivunia. Hakuwa na mtoto, ingawa yeye na mkewe waliomba mpaka wakachoka. Hakuwa na nywele utosini. Shule ya mchana hakuisoma. Cheti chake alikipata kwa masomo ya jioni, mtu mzima na ndevu zake, amebanana kwenye dawati na wenzake waliosinzia kwa uchovu wa kazi. Na kwa miaka ishirini na sita katika maabara ya zahanati ile, hakuwa na kosa hata moja lililoandikwa kwa jina lake. Hilo la mwisho ndilo alilolipenda kuliko yote. Watu walimwita Darubini, naye aliitika kwa raha.

Siku ya kosa lenyewe, mwenzao wa dirisha la dawa alikuwa anastaafu. Saa nne asubuhi wakaandaliwa wali na nyama, na Darubini akala sahani mbili. Shibe mwana malevya. Alirudi maabara tumbo limetangulia, kope nzito, mwili wote ukidai kitanda. Alilijua jambo hilo kwa kitabu: mtu akishashiba, mwili hugeukia kazi ya tumbo, na kichwa hubaki kama ofisi ambayo wenyewe wametoka.

Hapo akaingia shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, mwendesha kreni wa kiwanda cha mabati. Kiwanda kilitaka waendesha kreni wote wapimwe sukari kabla ya kula chochote.

"Shemeji, nimejileta machinjioni," alisema akikunja mkono wa shati. "Ukiimaliza damu, dada ataniulizia kwako."

"Damu iko wapi humo? Naona utani mtupu."

"Na hilo tumbo? Mimba ya miezi mingapi?"

Darubini alicheka, kicheko kikageuka mwayo. "Umekula?"

"Sijala."

Akalizungushia duara neno HAJALA kwenye fomu.

Mtu yeyote aliyefanya kazi ile japo mwaka mmoja anajua kwamba swali halijaisha hapo. Kwa watu wetu chai hailiwi, hunywewa. Mtu atakunywa chai ya vijiko vinne vya sukari, ateremshie nusu mkate na mayai mawili, kisha akuapie kwamba hajala tangu jana. Darubini mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake kuuliza mara mbili: umekula? umekunywa chai? Siku hiyo swali la pili halikutoka. Na chembe za mkate kwenye kola ya shemeji aliziona. Aliziona, macho yakazipita.

Jibu lilikuwa tisa nukta nne. Kwa mtu aliyetoka kunywa chai muda si mrefu, si la kumwita mgonjwa; sukari hupanda baada ya mlo, kisha mwili wenye afya huishusha wenyewe. Kwa mtu aliyeamkia njaa, ni ugonjwa. Fomu ikaenda kwa daktari wa kiwanda.

Jioni, shibe ilipomtoka, zile chembe zikamrudia. Alikaa kitandani, kiatu kimoja mguuni. Kesho nitamwita nimpime tena, alijiambia. Kesho yake akajiambia kwamba huenda ni mgonjwa kweli. Keshokutwa shemeji alikuwa ameshateremshwa kwenye kreni na kupewa ufagio.

Ajabu ni kwamba alishukuriwa. "Shemeji kaniwahi," yule mama alisema kila alikopita. "Bila yeye ningezimia huko juu nikaua watu." Mke wa Darubini naye akatembea kifua mbele. Kila sifa ilimkwama mzee wa watu kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili ya nne shemeji alikuja kula kwao. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo imechomoza. Akausukuma wali pembeni, akajipakulia mboga.

"Kula hata kidogo," dada yake alimsihi.

"Dada, wali siku hizi nausalimia kwa mbali tu. Njaa nimeizoea, ufagio ndio umenishinda. Ijumaa wanamthibitisha mwingine kwenye kreni yangu. Anaigongagonga utadhani anasukuma mkokoteni."

Darubini aliweka kijiko chini. "Shemeji, siku ile ya kipimo, ulikunywa chai?"

"Nilikunywa, ndiyo. Nije kutolewa damu na tumbo tupu, nianguke?"

"Na mkate?"

"Sasa chai bila mkate ni chai au ni dawa? Lakini kula sikula. Si uliniuliza, nikakujibu?"

Alicheka peke yake. Dada yake, mke wa mtaalamu kwa miaka yote ile, hakucheka. Alimtazama mumewe, na mumewe akatazama sahani.

"Hukumuuliza la pili," mkewe alisema polepole.

"Sikumuuliza."

"Umejua lini?"

Angeweza kusema sasa hivi. Jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni, limeshavaa na kuchana nywele.

"Jioni ileile," alisema.

Shemeji alielewa kidogo kidogo. Aliuvuta wali karibu, akautazama, akausukuma tena. Kisha akainuka. "Mwezi mzima nakushukuru," alisema. "Mpaka kwenye sala nakutaja." Akatoka bila kuaga, na utani wao wa miaka kumi na mitano ukatoka naye.

Mkewe akaondoa vyombo. Darubini akabaki palepale mezani, akachukua karatasi kumwandikia daktari wa kiwanda, nakala kwa mganga mkuu wa zahanati. Rasimu ya kwanza ilisema "kosa lilitokea". Akaichana. Ya pili ilisema "nilikosea". Akaeleza kwamba mgonjwa alikuwa ameshakunywa chai. Kwamba neno HAJALA alilichagua yeye bila kuuliza ipasavyo. Kwamba alilijua kosa siku hiyohiyo, akalinyamazia. Akaomba shemeji yake apimwe upya, na mtu mwingine, kabla ya Ijumaa. Akatia sahihi kwa jina lake kamili.

"Watakufukuza," mkewe alisema kutoka mlangoni. Hakusema kwa huruma, wala kwa kumkomoa.

"Huenda."

Asubuhi aliilamba gundi ya bahasha. Ulimi ulikuwa mkavu, ikabidi anywe maji, alambe tena. Akaibana kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, akaenda nayo kwa miguu mpaka lango la kiwanda. Mlinzi aliipokea, akaigonga muhuri, akamkabidhi tarishi aliyekuwa anaelekea ofisi ya daktari.