Jina la Gonroku

Tak. Tak. Tak.

Nilikuwa nimeinama, paji la uso limegusa mkeka, kwa hiyo niliisikia nyundo kabla sijaona kitu. Ilikuwa nyundo ndogo ya shaba, ikigonga kigingi cha mwanzi kinachoushika upanga ndani ya mpini wake. Ukumbi mzima uliijua sauti ile. Kigingi kikitoka, mpini huvuliwa, na shina la upanga hubaki uchi. Hapo kwenye shina ndipo mhunzi huchonga jina lake.

"Vua, Inaba, vua!" alisema Mzee Otowa. "Umetuchezea vya kutosha."

Ndiyo desturi yetu hapa Seki, mji wa wahunzi, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Upanga huletwa jina likiwa limefichwa. Kila mtu huuinamia, huutazama kinywa kimefungwa, maana tone moja la mate ni kutu, kisha huandika kwenye kijikaratasi jina la mhunzi anayedhani aliufua. Nafasi ni tatu. Siku hiyo aliyekuwa akijibu "ndiyo" au "hapana" ni Fundi Inaba, mnoaji aliyenifunza kazi. Mzee Otowa, ambaye nyumbani kwake panga ni nyingi kuliko sahani, hakuwahi kuihitaji nafasi ya pili. Safari hii alikuwa ameambiwa "hapana" mara tatu. Mara zote tatu aliandika mabwana wa Bizen, wahunzi wa miaka mia saba iliyopita, na watu kumi na wawili wengine wakamfuata kama vifaranga vya bata.

Upanga ule niliunoa mimi, siku arobaini nimechuchumaa juu ya mawe na maji. Ulikuwa wa Bibi yangu. Alikuja nao kwa basi kutoka Nezori ndani ya mfuko wa mwavuli, na sasa alikuwa amekaa karibu na mlango akimenya chungwa.

Mpini ukatoka. Inaba akasoma shina kwa sauti: "Gonroku, mfua majembe wa Nezori, aliufua huu."

Kisha Kusakabe, mwenye duka la panga, akaangua kicheko. "Majembe? Nipeni basi, nikapalilie mpunga!"

Mzee Otowa hakucheka. Aliuinua upanga dirishani. Juu ya ule mstari mweupe wa makali, chumani, kulikuwa na kivuli chepesi kama ukungu wa asubuhi juu ya mashamba.

"Ukungu huu ulipotea," alisema. "Watu wa Bizen walikwenda nao kaburini. Mfua majembe, miaka mia mbili iliyopita, aliupata wapi?"

"Kamuulize mwenyewe," Bibi akajibu kutoka mlangoni. "Ni babu wa babu yake babu yangu. Kazi yangu mimi ni kuupaka mafuta tu."

"Basi jina ni la uongo, Mama. Lipigwe tupa, lifutike. Shina likiwa tupu nitaandika kwenye ala yake ya mti mweupe, kwa mkono wangu: Bizen. Upanga utakaa ndani ya kioo, watu watapanga foleni." Alikuwa tayari akisaga wino. "Inaba, tupa unayo?"

Inaba alinitazama. Karakana yetu inakula kwa panga za Otowa. "Ranzo," aliniambia polepole, "ni jina tu. Chuma kitabaki."

"Chuma kimebaki miaka mia mbili, Fundi. Hakikutuomba ruhusa."

Nikasimama, nikamgeukia Mzee Otowa.

"Mwalimu, watu hughushi majina ya wakubwa. Ni mwizi gani mpumbavu kiasi cha kughushi jina la mfua majembe?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akakimeza kicheko chake.

"Kaa chini, dogo," alisema Kusakabe.

"Sikai. Mwalimu, tazama ndani ya herufi, pale patasi ilipopita. Kutu ya ndani na kutu ya nje ni rangi moja. Zimezeeka pamoja. Ulitufundisha wewe, kwenye mkeka huuhuu."

Alitazama muda mrefu. Kidole gumba chake kilipita juu ya jina la Gonroku, kikasimama. Alijua. Nami nilijua kwamba anajua.

"Ukiwa na jina hili," alisema, "hakuna atakayeutazama. Nawafanyia hisani."

"Leo wameutazama watu kumi na watatu. Hakuna aliyeona jembe."

Bibi aliweka chungwa chini. "Ranzo, mjukuu wangu, upanga ni wangu, lakini aliyekaa nao siku arobaini ni wewe. Wanachotaka ni kizuri au kibaya?"

"Kibaya, Bibi."

"Basi ufunge, twende zetu."

Sikuufunga. Niliichukua brashi ya wino iliyokuwa mbele ya Mzee Otowa. Kwetu anayeandika kwenye ala ni mwalimu mwenye mvi na muhuri. Mimi nina miaka ishirini na mitatu. Niliandika kwenye mti ule mweupe maneno yaleyale ya shinani. Herufi ya jembe, maana kwetu neno zima ni herufi moja, ikatoka imepinda. Ipinde.

"Ameinajisi ala!" Kusakabe alipiga kelele.

"Inaba," alisema Otowa, "kesho nakuja kuchukua panga zangu zote. Na huyu asikanyage tena hapa."

Inaba alishusha pumzi. Akaupokea upanga, akaurudisha mpini, akakigonga kigingi: tak, tak. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Herufi ya jembe umeikosea," aliniambia. "Kesho karakanani utaifanyia mazoezi."

Niliuinamia upanga. Otowa sikumwinamia. Bibi alikuwa ameshavaa viatu nilipogeuka mlangoni.

"Mwalimu," nilisema, "hakuna mhunzi anayeupata ukungu ule kwa upanga wake wa kwanza. Gonroku alifua nyingine. Huenda zilipigwa tupa, na zimelala kwenye makabati yako zikiitwa Bizen. Lakini mmoja wenye jina lake upo mahali fulani, nami nitautafuta. Mkinifungia ukumbi huu, nitauleta mlangoni kwako, jina limefichwa ndani ya mpini. Utaandika Bizen mara tatu, nami nitakujibu hapana mara tatu. Nakuahidi."