Silinda ya Kulia

"Imekufa tena," alisema Mwokaji, akavua kofia na kuiweka kifuani kama yuko msibani.

"Haijafa, inakohoa," alisema King'ora. "Mimi kazi yangu kubeba wagonjwa. Maiti namjua."

Siku nyingine Fundi Viti angecheka. Leo alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa pikipiki, sikio limeelekezwa kwenye injini, shati limelowa jasho mgongoni. Silinda ya kushoto ilipiga sawasawa, kama cherehani iliyotiwa mafuta asubuhi. Ya kulia ilikwenda kama mtu anayeshuka ngazi gizani: mara hatua, mara kimya, mara hatua mbili kwa mpigo. Kisha pikipiki nzima ikatetemeka, ikatoa moshi wa kuaga, ikanyamaza.

Ilikuwa pikipiki ya safari ndefu, ya zamani, pana kama ng'ombe wa maziwa. Nyuma ilibeba masanduku mawili ya bati. Mbele ilikuwa na kioo cha upepo kilichogeuka rangi ya chai kwa kuzeeka. Silinda zake zilichomoza ubavuni, moja huku, moja kule. Ukiitazama kwa mbele ungedhani ni mama aliyeshika kiuno mlangoni, anakungoja umweleze ulikuwa wapi tangu jana.

Mwenyewe alikuwa ameketi kando yake kwenye kiti cha plastiki, upande wa kulia, kwa kuwa ndiko kivuli cha ukuta wa ua kilikoangukia. Waendeshaji wenzake walimwita Kapteni. Fundi Viti, binti yake, alimwita baba, kwa sababu ndiye.

"Jana jioni ilikuwa inanguruma kama paka aliyeshiba," Fundi Viti alisema. "Nyote mlisikia. Nani ameigusa?"

Mwokaji na King'ora walitazamana kama watoto waliovunja kikombe.

"Mimi nilibadilisha plagi tu," alisema Mwokaji, "na ikapona. Kilichoiharibu baadaye sikijui."

"Ikapona kwa plagi yako? Ilipona kwa waya niliofunga mimi! Wewe unashika kabureta na vidole vyenye hamira, halafu unashangaa mafuta yakifura."

"Na wewe kila unachogusa kinaelekea hospitali. Ndiyo mazoea ya kazi."

Ndivyo ilivyokuwa wiki nzima. Kila jioni walikuja uani, mmoja akitoka kwenye tanuri lake la mikate, mwingine akitoka zamu ya gari la wagonjwa. Kila mmoja alileta kifaa kipya, akakifunga kwa mbwembwe, kisha wakamalizia kwa kusawazisha skrubu za kabureta mbili, kama kila fundi anavyomalizia. Pikipiki ikapona. Aliyeleta kifaa akatembea kifua mbele hadi kwake. Kesho yake, silinda ya kulia ilikuwa mahututi.

"Labda ina jini," alisema Mwokaji.

"Jini la upande mmoja?" Kapteni aliuliza kutoka kwenye kiti chake. "Hilo nalo lina kiharusi."

Wakacheka, kwa kuwa yeye mwenyewe alicheka kwanza. Kiharusi kilimpiga mvua za mwaka juzi. Mguu ulirudi. Ulimi ulirudi na nyongeza. Mkono wa kushoto ndio uliokataa; ulilala mapajani pake kama mgeni asiyejua aondoke saa ngapi. Na mkono wa kushoto ndio unaobana klachi. Bila klachi hakuna gia, na bila gia pikipiki ni kiti kizito chenye taa.

Kabla ya hapo, hakuna safari ambayo Kapteni hakutangulia. Kila mwaka kundi lilivuka milima hadi ziwani, yeye mbele, wengine wakifuata mkono wake wa ishara. Mwaka jana hawakwenda. Mwaka huu walipanga Jumamosi, na Fundi Viti, ambaye alikuwa amejifunza kwa pikipiki ndogo ya kupelekea wateja viti vyao, kisha akahamia kwenye ng'ombe huyu wa bati huku akiomba dua, alimwambia baba yake kwa sauti aliyoifanyia mazoezi kazini: "Naendesha mimi, wewe unakaa nyuma."

"Tutaona ikipona," alijibu Kapteni.

Katika nyumba ile, "tutaona" ulikuwa mlango unaofungwa taratibu ili usikupige pua. Lakini hakusema hapana. Fundi Viti aling'ang'ania hicho alichopewa: ikipona. Basi itapona.

Jioni ile wakaipa chujio jipya la hewa. Wakasawazisha skrubu. Ikapona. King'ora akatembea kifua mbele.

*

Ijumaa mchana Fundi Viti alikuwa kazini kwake, chumba kimoja chenye harufu ya gundi na sponji, akishona kiti chenyewe cha safari. Alikuwa amekifumua chote. Sponji ya mbele aliikata nyembamba, miguu yake ifike chini. Ya nyuma akaiongeza tabaka mbili, maana baba amekonda na barabara ya milimani haina huruma na mifupa. Ngozi aliitafuta nyeusi, nene, ile ambayo wateja huikwepa wakisikia bei. Alishona mishono miwili miwili. Kiti cha mtu unaweza kukishona haraka akaridhika, lakini makalio hayadanganyiki. Kilomita ya hamsini yatakutaja kwa jina.

Sindano ikavunjika. Akatazama kwenye kopo: sindano nene zimekwisha. Nyingine zilikuwa nyumbani, kwenye droo ya jikoni. Akafunga mlango, akavuka mtaa.

Aliingia kwa mlango wa jikoni. Dirisha la jikoni linatazama uani. Mkono ukiwa ndani ya droo, akainua macho.

Kapteni alikuwa kwenye kiti chake, kwenye kivuli chake. Alikuwa amejiinamia kuelekea silinda ya kulia, kichwa kimeinama kama anayesikiliza siri, na katika mkono wake wa kulia ilikuwa bisibisi ndogo, ile anayoichomeka mfukoni mwa shati kama kalamu. Aligeuza skrubu ya kabureta. Kidogo. Akasita, akageuza tena. Hakuwa na haraka wala hasira. Alifanya kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Kisha akafuta bisibisi kwa ncha ya shati, akairudisha mfukoni, akaegemea kiti na kufumba macho.

Fundi Viti alichukua sindano, akatoka bila kuufanya mlango ulie.

Kazini, mshono wa kwanza alioushona ulipinda kama njia ya mlevi. Akaufumua. Wa pili ukapinda. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo: wiki nzima ya mafuta kwenye kucha, watu wazima wawili wakitukanana kwa ajili ya plagi! Alianza kupanga maneno. Baba, umri huo unafanya utoto. Baba, unatuona sisi wajinga. Maneno mazuri, makali, yamepangwa vizuri. Lakini kila alipoyafikisha kwenye ulimi aliona tena ile namna baba alivyogeuza skrubu, kidogo, akasita. Mtu anayetaka kuharibu pikipiki anatia mchanga kwenye tangi, yakaisha. Huyu alikuwa anaomba siku moja zaidi. Siku moja zaidi ya kuwa mwenye pikipiki mbovu, badala ya abiria wa pikipiki nzima.

Mshono wa tatu ulinyooka.

*

Alasiri walifunga kiti kipya. Mwokaji akakibonyeza kwa ngumi, akasema unga wake haujawahi kuumuka vizuri namna hiyo. King'ora akaketi sehemu ya nyuma akakataa kushuka, mpaka akavutwa sikio.

"Haya, injini," alisema. "Leo tumeleta nini?"

"Hakuna kuleta," alisema Fundi Viti. "Wala hakuna kugusa. Leo anatengeneza baba."

Kapteni alitazama mkono wake wa kushoto, akautazama kwa muda mrefu, kama shahidi wake.

"Kwa mkono upi, mwanangu?"

"Skrubu haihitaji miwili."

Alisema hivyo huku akitazama kabureta, si uso wa baba yake. Nafasi ya bisibisi kwenye skrubu ile iling'aa, imesuguliwa upya, wakati kila kitu kingine kilikuwa na vumbi. Kapteni akaitazama pia. Kisha akamtazama binti yake. Mwokaji alikuwa anamweleza King'ora jambo kuhusu hamira, wala hawakuona lolote.

"Washa," alisema Kapteni.

Aliwasha. Upande wa kulia ukaanza kukohoa. Kapteni akachomoa bisibisi mfukoni. Fundi Viti alishika eksileta, akiipa mafuta kidogo, akiiachia, huku baba yake akifumba macho na kugeuza. Kukohoa kukapungua. Akageuza tena, unywele mmoja. Silinda mbili zilianza kuitikiana, moja ikisema, nyingine ikijibu, kisha zikaacha kubishana kabisa na kusema kwa sauti moja, nzito, ya kifuani.

"Kapteni!" Mwokaji alipiga makofi. "Kumbe dawa ulikuwa nayo! Ungetuachia wiki nzima tuumbuke?"

"Mlikuwa mnafurahisha," alisema Kapteni.

King'ora hakupiga makofi. Alikuwa amenyoosha kidole, uso umejaa furaha ya mtu aliyeona pengo la kupitia. "Sheria," alisema. "Aliyekaza mwisho anapanda kwanza. Nani ameitunga hiyo? Nani alinipandisha pikipiki yangu kwenye mvua ya mawe kwa sababu nilikaza nati moja, moja tu?"

"Sheria hiyo ni ya wenye mikono miwili," alisema Kapteni.

"Haikutaja mikono. Mwokaji, ilitaja mikono?"

"Mimi nakumbuka ilitaja makalio tu."

"Nendeni mkachukue kofia zenu," alisema Fundi Viti, na wawili hao wakatoka mbio, wakigombea mlango.

Injini iliendelea kunguruma. Kapteni alisugua goti lake.

"Umejua lini?"

"Mchana. Nilifuata sindano."

Akatikisa kichwa polepole. "Miaka yote hiyo nimekwenda nikiona barabara. Sasa nikatazame mgongo wa mwanangu mpaka ziwani?"

"Mama alitazama mgongo wako miaka ishirini."

"Na alilalamika kila safari."

"Alilalamikia nini?"

Kapteni alifikiri. Pembe ya mdomo, ile nzima, ikapanda. "Kwamba sisimami penye mandhari."

"Basi mimi nitasimama."

Alinyoosha mkono wa kulia, akapapasa ngozi ya kiti, akafuata mshono kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta kosa. Hakulipata. Pembeni, upande wa kushoto, kidole kikakutana na kitanzi cha ngozi kilichoshonewa ndani kwa kitambaa laini.

"Hiki nini? Cha kufungia mbuzi?"

"Cha mkono wako. Unaupumzisha humo, usining'inie."

"Kimekaa kama cha mbuzi," alisema, lakini alikuwa ameshasimama.

Kumpandisha ilikuwa vita. Mguu ulipita, ukarudi, ukapita. King'ora, aliyekwisha kurudi, alimshika kiunoni kama anavyoshika wagonjwa, akaambiwa amwachie, akamwachia, akamshika tena. Mwokaji alishikilia pikipiki akiwa amefumba macho. Hatimaye sponji mbili za nyuma zikabonyea. Fundi Viti aliuingiza mkono wa kushoto wa baba yake kwenye kitanzi, akausikia ulivyo wa baridi na mzito, akapanda mbele.

"Hadi njiapanda tu," alisema Kapteni nyuma ya sikio lake. "Kujaribu. Halafu unageuza."

"Sawa, baba."

"Na usibane klachi kama unakamua limau."

"Sawa, baba."

Walitoka. Mtaa ule ulikuwa na mashimo aliyoyajua yote kwa kuyaendesha peke yake, lakini leo pikipiki ilikuwa mnyama mwingine, mwenye uzito unaopumua. Kwenye kona ya kwanza, mbele ya duka la vioo, Kapteni alikaa wima kama nguzo, na pikipiki ikakataa kuinama. Wakapita kona kwa upana wa lori, mwenye duka akaruka ndani. Kona ya pili alikuwa nguzo bado. Ya tatu akalegea kidogo. Nyuma yao zilisikika pikipiki mbili, mwendeshaji mmoja akipiga honi bila sababu, na hakukuwa na haja ya kugeuka kujua ni yupi.

Akapanda gia ya tatu. Silinda ya kulia haikukohoa.

Njiapanda ikafika. Kushoto, barabara inazunguka soko na kurudi nyumbani. Kulia inapita kituo cha mafuta, halafu nyumba zinapungua, halafu inaanza kupanda. Kutoka hapo milima ilionekana, ya buluu, imekaa kama haijui inangojwa. Fundi Viti alipunguza mwendo. Ahadi ilikuwa ahadi. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya swichi ya taa ya ishara, hakijaibonyeza upande wowote. Aliiacha injini ingurume.

Nyuma yake, kiti kililia kidogo, ngozi mpya ikijizoesha na mtu. Aliinua macho kwenye kioo cha pembeni. Hakuona uso wa baba yake. Kofia ilikuwa imekaa vibaya. Aliona mkono. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooka kuanzia begani, kiganja kimefunguliwa, ukielekea kulia, imara, jinsi ulivyonyooka miaka yote mbele ya msafara. Na nyuma yake waendeshaji wawili walikuwa tayari wanahamia upande huo.