Simu Iliyopima Pamba

Habari ilinifikia gengeni nikiwa nachagua nyanya. Mama Ambindwile, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliniinamia sikioni akasema, "Mama Sekela, umesikia? Wale wanaopima watoto migongo kwa simu wanakuja shuleni Jumatano. Mtoto akionekana amepinda anachukuliwa, anafungwa vyuma kuanzia kiunoni mpaka shingoni, miaka mitatu! Kuna binti wa ng'ambo ya mto hajaonekana mpaka leo." Nikamuuliza binti huyo anaitwa nani. "Ah, jina nitalijulia wapi? Lakini ni kweli." Nikacheka, nikachukua nyanya zangu nikaondoka, ila maneno yale yalikuja na mimi nyumbani yakakaa.

Niseme wazi, kwangu yalikuwa na pa kukaa. Mwanangu Sekela ana miaka kumi na mitatu. Bega lake la kushoto limeshuka tangu mwaka jana, na mkono wa upande huo, akiuinua kuanika nguo, huishia usawa wa sikio. Mimi ni fundi cherehani wa darasa la saba, mengi siyajui, lakini bega nalijua. Basi Jumanne nikachukua shati lake la shule, nikafumua mshono wa bega la kushoto, nikatia pamba nene ya vidole viwili, nikashona, nikapiga pasi. Nikamwambia, "Ukipimwa usivue shati. Sema unaona baridi." Jumatano mchana akarudi na karatasi: mabega sawa. Mikono hawakumpima, kwa sababu walipima mikono ya wale tu ambao mabega yao yalipishana. Ningepaswa kufurahi. Badala yake sindano ilinivunjikia mara mbili, nikashona mkono wa gauni la mteja kinyumenyume, nikamfokea Sekela bila kosa. Alasiri nikalaza kichwa juu ya cherehani nipumzishe macho kidogo, na usingizi ukanichukua hapo hapo.

Nikajikuta katika nchi ambayo nyumba zake zote zimeegemea upande, miti imeota kwa kuinama, na watu wanatembea wakitazama vidole vya miguu kana kwamba wamedondosha sindano. Hakuna aliyeshangaa. Penye lango alikaa Bi Uvumi, mnene, mchangamfu, na sufuria la uji unaochemka bila moto. "Karibu mgeni, kunywa! Hapa hatuuzi, tunagawa." Nikauliza umepikwa na nani. "Wewe kunywa tu, aliyepika hajulikani." Nikanywa bakuli tatu, na kila nilipokunywa njaa ilizidi na shingo yangu ikalegea, mpaka kidevu kikagusa kifua. Hapo akatokea dada yake mdogo, Aibu, amevaa vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumshonea. Akanishika mkono: "Fundi mwenzangu! Njoo uone kazi." Akaniingiza katika chumba kirefu ambamo watu waliopinda walikuwa wanavalishwa, huyu anatiwa pamba begani, yule kiunoni, na kila aliyetoka alionekana amenyooka kama mlingoti, huku ndani ya nguo nikisikia mifupa ikilia taratibu, kama kitanda kikuukuu. Nikasema, "Wanaumia." Aibu akatabasamu. "Wanapendeza," akasema.

Nikatoka mbio, na nje nikamkuta mwanamke mfupi mwenye simu ndogo inayoning'inia kwenye uzi, kama ile timazi ambayo fundi mwashi hupimia ukuta. Akasema anaitwa Uhakika. Nikarudi nyuma nikamwambia, "Hiyo ndiyo inayopeleka watoto kwenye vyuma!" Hakukasirika. "Mama, kitu hiki hakijui jina la mtu wala ukoo wake. Kinajua chini ni wapi, basi. Ukikiegemeza mahali, kinasema mahali hapo pameinama kiasi gani. Ukikiweka juu ya mfupa kitakupa habari za mfupa. Ukikiweka juu ya pamba kitakupa habari za pamba, na hakitaona haya, kwa sababu hakijadanganya. Aliyedanganya ni aliyeweka pamba."

Nikataka kumjibu, lakini alikuwa ameshageuka. Mbele yetu palikuwa na ngazi ndefu yenye lango katikati, na watoto wamepanga mstari. Uhakika aliwapima mmoja mmoja. Waliopinda aliwaambia, "Wewe pita hapa, juu kuna watu wa kukusaidia," nao wakapanda polepole. Walionyooka aliwaambia waende zao nyumbani. Nikamwona Sekela, amevaa nguo ya Aibu, imemkaa vizuri mno. Simu ikawekwa begani. "Sawa," akasema Uhakika, "nenda zako." Mwanangu akatazama ngazi, akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kuulizwa swali. Lango likaanza kufungwa. Nikapiga kelele, "Ni pamba! Hiyo ni pamba!" lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa nyuzi, na kila nilipovuta uzi mmoja ulitoka mwingine.

"Mama, pamba gani?" Sekela alikuwa amesimama kando ya cherehani, na jua bado liko dirishani.

"Ya shati lako."

Akachezea kitufe cha shati. Kisha akasema, "Anti aliyenipima alinigusa bega, akauliza kama shati ni jipya. Nikasema ndiyo." Akaongeza, "Mimi nilidhani unanionea haya, mama."

Siku zote nilijiambia namficha asifungwe vyuma. Kumbe nilimfunga mimi. Nikachukua mkasi, nikalifumua bega lile mbele yake, na kesho yake asubuhi tukaenda kituo cha afya. Anti Lugano, mtaalamu wa viungo, yule yule aliyempima shuleni, aliweka simu juu ya ngozi yenyewe, chini ya shingo, halafu akaifunga kwenye mkono wa Sekela na kumwambia auinue polepole. Mabega yalipishana nyuzi tisa za mwinamo. "Namba si ugonjwa, mama," akasema. "Inatuonyesha pa kuangalia. Hospitali watampiga picha ya mifupa ndipo tutajua." Nikauliza habari za vyuma. "Vyuma gani?" akaniuliza. Kisha akataka kujua bega limeshuka tangu lini. Nikasema tangu mwaka jana. Akaacha kuandika, akanitazama.

Picha bado tunaisubiri. Wazazi wenzangu, nimeandika haya ili msifike nilipofika. Zingatieni haya:

Usiamini habari ya mtoto asiye na jina.

Usimvalishe mtoto kitu cha kuficha anapokwenda kupimwa. Nguo nene, sweta, mkoba, vyote vitoke.

Usimpime mwenyewe kwa simu yako nyumbani ukamaliza hapo. Apimwe na anayejua pa kuiweka.

Usimwambie "simama wima" kila saa kama vile amependa kupinda.

Usitupe karatasi ya vipimo, hata ikisema sawa.

Usingoje mtoto aseme anaumwa. Wengine hawasemi.