Nondo Nyuma ya Jiko la Mkunga

Tangu alipostaafu kazi ya kupima ardhi, babu hakuwahi kuingia dukani bila orodha. Asubuhi hiyo orodha yake ilikuwa na jambo moja tu, nalo lilikuwa limepigiwa mistari miwili kwa rula: mashine ya kutambua metali. Alisimama mbele ya meza ya mwenye duka, vifungo vyote vya koti vimefungwa, kofia mkononi, na kwapani amebana kopo kubwa la maziwa ya unga lililozungushiwa kamba. Nyuma yake alikuwa mjukuu wake wa kike, mpima ardhi kama yeye, amebana midomo kama mtu aliyejiapiza tangu nyumbani kwamba leo hatacheka.

"Tunakodi, hatununui," alisema babu. "Na kabla ya kukodi nitazifanyia mtihani."

"Mtihani?" Mwenye duka alimtazama mjukuu kama anayeomba msaada.

"Mwache tu," alisema mjukuu. "Hata miwani yake aliifanyia."

Jambo lililowaleta halikuwa la mchezo. Mkunga mstaafu, jirani yao wa siku nyingi, alikuwa amepakana na mwokaji mikate. Mwokaji alitaka kupanua tanuri lake, akaenda ofisi ya ardhi, akarudi na ramani iliyoonyesha kuwa mpaka unapita katikati ya jiko la mkunga. Mkunga naye akashikilia kwamba mpaka uko nje ya ukuta wake, pale kwenye nguzo ya kamba ya nguo, kwa sababu siku nondo ya mpaka ilipopigwa nyundo alikuwepo na aliiona kwa macho yake. Nondo ya mbele, ya upande wa barabarani, ilikwisha kung'olewa na mafundi wa bomba. Ile ya nyuma haikuonekana tena. Ofisi ikakata maneno: alama iliyomo ardhini ndiyo itakayosikilizwa kuliko karatasi, lakini isipopatikana kufikia adhuhuri ya Ijumaa, ramani itafuatwa na jiko litavunjwa.

Leo ilikuwa Alhamisi. Na aliyeipiga nyundo nondo ile, miaka arobaini na moja iliyopita, alikuwa babu mwenyewe. Ramani ya ofisi ilichorwa kutoka kwenye daftari lake la vipimo. Kwa hiyo mkunga alikuwa na jiko la kupoteza, na babu alikuwa na daftari.

Mwenye duka alipanga mashine tatu mezani, akaanza na ile yenye kioo kinachowaka. "Hii ndiyo bibi harusi wa duka. Watafuta pete na sarafu hawataki nyingine. Inakuandikia namba: hii shaba, hii fedha, hii dhahabu. Na uzuri wake, chuma haikisikii kabisa. Ukipita juu ya msumari, kimya!"

"Mimi natafuta chuma," alisema babu.

Mwenye duka aliondoa mkono juu ya mashine. "Chuma chenyewe?"

"Nondo. Unene wa kidole gumba, urefu wa dhiraa moja, imesimama wima."

"Mzee, watu wote wanakuja hapa kukikimbia chuma."

"Basi leo amekuja wa kukifuata. Tuendelee."

Babu alifungua kamba ya kopo. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu alioteka mwenyewe nyuma ya jiko la mkunga, maana aliamini, na kwa haki, kwamba mashine haipimwi kwa maneno ya muuzaji bali kwa udongo itakaoufanyia kazi. Alizika kipande cha nondo ndani ya udongo, akaweka kopo sakafuni, akaamuru mashine zipitishwe juu yake moja baada ya nyingine. Zote zikalia kwa nguvu. Babu akakunja uso. Akatoa nondo, akaamuru tena. Zikalia vilevile.

"Zote zimefeli," alitangaza. "Zinalilia udongo mtupu."

"Babu," alisema mjukuu kwa upole mkubwa, "kopo ni la bati."

Mwenye duka aligeukia rafu kuficha kicheko. Babu alilitazama kopo lile kama anayemtazama mwanafunzi aliyemwamini miaka mingi, kisha akasema, "Leteni beseni la plastiki," bila kupandisha wala kushusha sauti.

Walihamia uani, mbali na rafu za chuma, na mtihani ukarudiwa. Mashine ya kioo, ilipoachwa kama ilivyo, iliipita nondo bila hata kukohoa, ila ikashangilia kifungo cha shaba cha koti la babu. Mwenye duka alipoizuia isidharau chuma, ikaanza kubwabwaja juu ya udongo mwekundu usio na kitu.

"Udongo huu una madini ya chuma," alieleza mjukuu. "Hii ni ya uwanja wa shule au bustani, palipo na udongo mwepesi. Hapa itatupigia kelele mpaka jioni."

Ya pili ilikuwa na sahani pana kama ungo. Mwenye duka alisema ndiyo inayopelekwa penye udongo mkorofi na mchanga wenye chumvi, na kwamba inasikia mbali chini. Kweli, juu ya udongo mwekundu ilitulia, na nondo iliisikia hata ilipofunikwa kwa matofali mawili. Lakini babu alipotupa konzi ya misumari kando ya beseni, mashine iliililia misumari kwa sauti ileile iliyoililia nondo, na ilipoinuliwa kidogo ikalilia lango la chuma la ua.

"Ina nguvu," alisema babu, "ila haina adabu. Kwake mkubwa na mdogo ni sawa."

Ya tatu haikuwa na sahani wala kioo. Ilikuwa fimbo ya njano yenye vumbi, ndefu kama bakora.

"Hiyo hawaikodi ila mafundi bomba, wakitafuta vifuniko vya chuma vilivyofukiwa," alisema mwenye duka kwa sauti ya kuomba radhi. "Dhahabu haiisikii. Fedha haiisikii. Ukiiwekea sarafu ya shaba mdomoni haishtuki. Kiziwi kwa kila kitu isipokuwa chuma."

Babu aliishika mwenyewe. Juu ya misumari ilitoa vilio vifupi, kama mtoto aliyefinywa. Juu ya nondo iliyosimamishwa wima ilianza chini, ikapanda, ikapanda, ikashikilia sauti moja ndefu isiyoyumba. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wa babu ulilegea.

"Huyu anajua alichotumwa," alisema. "Nitachukua hii. Na ile ya ungo pia."

"Mbili za nini, Babu?"

"Mmoja akisema uongo, wa pili atamuumbua."

Walipofika nyuma ya jiko la mkunga, mwokaji alikuwa amekwisha kuvuta kamba ya ujenzi, na kamba hiyo iligota kwenye ukuta wa jiko kama kisu kwenye mkate. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, unga haumtoki nyusi. Aliwaamkia vizuri, akaegemea banda lake la mabati hatua chache kutoka pale, tayari kwa burudani. Miaka yote alikuwa akichoma masanduku ya mbao tanurini na kumwaga majivu yake hapo nyuma, pamoja na misumari yote iliyokuwamo.

Mkunga alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mikono kiunoni ingawa ameketi.

"Mtazameni," alisema. "Mimi ndiye niliyempokea huyu duniani. Alikuja anatanguliza miguu, nikamgeuza usiku kucha. Leo anakuja kunivunjia jiko, tena kwa kichwa!"

"Mama, mimi nafuata ramani tu," alijibu mwokaji. "Ramani ya mzee wetu huyu. Kama kuna ugomvi, ugombane naye."

Babu alitoa daftari lake, jalada limekakamaa kwa uzee, akasoma kwa sauti kipimo kutoka kona ya pili ya mwokaji, ambayo nondo yake ilikuwa imejengewa zege na haikubishaniwa na mtu. "Mita thelathini na moja na sentimita arobaini." Mjukuu akavuta utepe mpya. Kipimo kikaangukia ndani ya majivu, sambamba kabisa na kamba ya mwokaji. Mwokaji akapiga makofi mawili.

Babu alipitisha fimbo. Ilifinywa hapa, ikafinywa pale: misumari. Sauti ndefu haikuja.

"Imelala," alisema. "Leta ya ungo."

Ya ungo haikulala. Ililia kila mahali, na kila ilipolia babu alichimba. Saa ikapita, ya pili ikaanza. Lilipotimu jua la saa sita, pembeni mwa shimo palikuwa na misumari mia moja na kitu, bawaba mbili, kijiko, na bati la kuokea lililokunjamana ambalo mwokaji alilipokea kwa furaha ya kweli. "Nililitafuta mwaka mzima! Endelea, mzee, nilipoteza na sufuria."

"Sasa inalilia banda lako," alisema mjukuu. "Babu, ungo ni mpana mno hapa. Penye misumari na mabati, fimbo ndiyo yenyewe. Na fimbo imekwisha kusema hapa hapana kitu."

"Daftari linasema kipo."

"Basi tujaribu upande wa kamba ya nguo. Mita moja tu."

"Nitafutie nini mahali ambapo daftari langu halikunituma?"

Mkunga aliinuka. Hakupaza sauti. "Kaka, siku ile ulivaa kaptura ya kaki na ulikuwa na ndevu mbili tatu tu. Nilikuletea maji. Nondo ilikuwa hapa." Akaonyesha kwa kidole cha mguu, kando ya nguzo ya kamba ya nguo. "Mimi sikuandika. Nilisimama tu."

Babu alitazama kidole kile cha mguu. Ndani yake alijua vizuri anachokiogopa. Nondo ikipatikana pale, jiko limepona, na daftari, ambalo kwalo alikuwa amewagombeza vijana wa ofisi wa vizazi vitatu, limeongopa. Hata hivyo, katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu apime mahali anapopapenda na kupaacha anapopachukia. Alijikaza, akachukua fimbo, akapiga hatua moja kuelekea nguzo.

Ilianza chini. Ikapanda. Ikapanda tena, ikashikilia sauti moja ndefu isiyoyumba, na mkunga akasogea kuwapisha wachimbe.

Walichimba urefu wa mkono. Nondo ilikuwa imesimama wima, imevimba kutu, na babu alipoifuta kichwa kwa leso yake mwenyewe ikatokea pale mikato mitatu ya tupa, alama aliyoiweka kwenye kila nondo aliyoipiga maishani. Mjukuu akaivutia utepe, ukasoma mita thelathini na sentimita arobaini.

"Imesogezwa!" alisema mwokaji. "Lazima imesogezwa. Daftari linasema thelathini na moja na arobaini, hii iko thelathini na arobaini. Mtu kaing'oa akaipiga tena. Mzee, sema wewe. Wewe husogei hata sentimita, mji mzima unajua. Ukisema imesogezwa, hata mimi nitaenda kusema ofisini kwa neno lako."

Wote walimgeukia. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa jepesi kutamkika. Babu alifungua daftari, si kwa kutafuta jibu bali kwa kupata mahali pa kuweka macho. Hapo ukingoni, kwa penseli iliyofifia, akasoma mwandiko wake wa ujana. Hakuna mwingine aliyeweza kuusoma kutoka pale alipo. Hata mjukuu alikuwa amesimama upande wa jua.

Alivaa miwani vizuri, akanyoosha mgongo, akasoma kwa sauti ile aliyoitumia kusoma majina asubuhi kazini.

"'Utepe umekatika kichwani. Umeshikiliwa kwenye alama ya mita moja.'" Akalishusha daftari. "Maana yake, kila nilichosoma kilipaswa kupunguzwa mita moja. Niliandika ili nije nipunguze. Sikupunguza. Nondo haikusogea. Kosa ni langu."

Mwokaji, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya bali mwenye tanuri dogo, alianza kuikunja kamba yake ya ujenzi kutoka kwenye ukuta wa jiko, akinung'unika kwamba kumbe hata mzee huyu ana mkono wa kulia na wa kushoto kama watu wengine.

"Kunja vizuri," mkunga alimwambia. "Na ule unga nyusini upanguse, utakula chakula jikoni mwangu leo, jiko likiwa bado zima."

Mjukuu alikuwa amekwisha kupiga magoti, anaandika taarifa ya ofisi: nondo ya asili imeonekana, imesimama mahali pake, mikato mitatu, kipimo sahihi mita thelathini na sentimita arobaini. Alimpa babu kalamu atie sahihi. Babu alitia sahihi, lakini hakuirudisha kalamu. Alikuwa anafunua kurasa zilizofuata, moja, mbili, tatu, kidole kikishuka taratibu kwenye ukingo.

"Babu?"

"Utepe ule," alisema babu, "tuliletewa mwingine Jumatatu ya wiki iliyofuata."

"Na siku ile ilikuwa lini?"

"Jumanne."

Mjukuu alihesabu kwa vidole. "Viwanja vingapi vilipimwa kwa utepe ule, Babu?"

"Tisa," alisema babu. Akafunga daftari, akavaa kofia, akaitwaa fimbo ya njano begani. "Cha kwanza ni cha fundi saa, pale kona. Inuka, bado kuna jua."